Ada ilifutwa, bando likabaki

Steshenari yangu ipo Igoma, hapa Mwanza, siyo mbali na stendi ya daladala, na ukitaka kujua elimu yetu inaendaje we njoo ukae kwenye benchi langu la nje wiki ya kwanza ya likizo ya Desemba. Usije na dodoso wala kalamu, kaa tu. Utaona mama anakuja na simu kioo kimepasuka kimepitishiwa selotepu, anakwambia baba nitolee hayo makaratasi ya mtoto, mi mwenyewe sijui yamekaa wapi humu, unaichukua simu unaingia WhatsApp unakuta grupu la Darasa la Sita lina meseji 214 hazijasomwa, unapekua weee mpaka unaipata PDF ya kazi ya likizo, unaibonyeza haifunguki, maana haijashushwa na bando hamna. Unamrushia hotspoti ya kwako. Inashuka. Kurasa 34. Kwangu kuprinti ukurasa ni 200, piga hesabu, elfu sita na mia nane. Mama anakaa kimya kidogo halafu anauliza, "Na ukinitolea zile za hesabu tu?"

Hilo swali la za hesabu tu nimeulizwa mara nyingi mpaka nimeacha kulionea ajabu. Kiswahili na sayansi zitajijua zenyewe. Jioni ya siku hiyohiyo ikasimama gari, akashuka kijana wa kama miaka 13 anatokea huko Isamilo, shikamoo ya kunyooka, mtoto ana adabu kwakweli, anasema printa ya nyumbani imeisha wino kwahiyo baba kamwambia apite hapa. Kurasa 40, zote za rangi, 500 kila moja, na kubaindi juu yake 2,000. Elfu 22 ikaingia kwenye simu yangu kabla hata sijamaliza kupanga karatasi. Sina ubaya na yule kijana, hela yake ndo iliniwekea umeme wiki ile. Ila usiku niliwaza, hawa watoto wawili kuna siku watakaa mbele ya mtihani wa taifa mmoja, maswali yaleyale, dakika zilezile, na matokeo yakitoka tutasema huyu ana akili huyu hana.

Sasa ninachotaka kusema ni hiki. Hakuna waraka wowote nilioona mimi unaosema mzazi wa shule ya serikali lazima awe na simu janja yenye bando, hamna, hata ukienda kumsajili mtoto darasa la kwanza wanakuuliza cheti cha kuzaliwa hawakuulizi simu. Lakini shule zetu zimeshahamia kwenye simu ya mzazi, kimyakimya, bila kikao, na aliyebaki nyuma ni yule ambaye hana simu au anayo ila haina chochote ndani. Hiyo ni ada. Hatuiiti ada kwa sababu hailipwi kwa mhasibu wa shule, inalipwa kwa wakala pale kibandani, mia tano mia tano, na risiti hamna.

Tukumbushane kidogo. Waraka wa elimu namba 5 wa mwaka 2015 ndo uliofuta ada na ile michango ya lazima mpaka kidato cha nne, ukaanza kufanya kazi Januari 2016, halafu bajeti ya 2022/23 ikasogeza mpaka kidato cha tano na sita. Watoto wakajaa, mwenye kumbukumbu anajua madarasa ya Mwanza yalivyokuwa ile Januari. Ilikuwa jambo zuri na nalitetea mpaka kesho. Ikaja 2020, Machi 17 shule zikafungwa kwa sababu ya korona, masomo yakahamia kwenye TV na redio kwa waliokuwa na TV na redio, na walimu wenye kujituma wakafungua magrupu ya WhatsApp ili watoto wasikae bure. Kidato cha sita walirudi Juni 1, wengine wote Juni 29. Watoto walirudi darasani, magrupu hayakufungwa.

Na hapo ndo mambo yalipogeuka bila mtu kutangaza. Kitu kilichoanza kama dharura kikawa ndo utaratibu, leo humo kwenye grupu kuna kazi za likizo, tarehe za kikao cha wazazi, picha ya ubao kwa aliyeumwa, maswali ya jioni, mtihani wa majaribio umesogezwa, mtihani umerudishwa, mtoto aje na ufagio, mtoto aje na rimu. Ukikosa ufagio mtoto anarudishwa nyumbani. Ukikosa taarifa ya ufagio, mtoto anarudishwa nyumbani vilevile.

Mwalimu simlaumu, na hili naomba lieleweke kabla walimu hawajanijia juu hapa dukani maana nao ni wateja wangu. Mwalimu ana watoto 90 kwenye chumba kimoja, wengine zaidi, karatasi hana, mashine ya kufotokopi ya shule iliharibika zamani au wino wake haununuliki, sasa akiandaa maswali kurasa 10 akataka kila mtoto apate yake, hizo ni kurasa 900, kwa bei ya fotokopi ya mtaani ya shilingi 100 ni elfu 90 kwa somo moja tu. Atazitoa wapi? Akiituma kwenye grupu inamgharimu bando lake la siku ile basi. Gharama haijapotea lakini, imehama tu kutoka mfuko wa shule kwenda mfuko wa mzazi, na ikihama hivyo hamna tena anayeiona kwenye vitabu vya hesabu. Ndo maana naona watu wa juu wanaweza kusema kwa moyo mweupe kabisa kwamba elimu ni bure, kwenye makaratasi yao ni bure kweli.

Watu wengi wakiongelea hili jambo wanaligawa mara mbili, wenye simu na wasio na simu. Mgawanyo huo ni mwepesi mno. Mimi kila siku naona kaya zenye simu ambazo mtoto hana simu. Cha kuuliza ni simu ni ya nani, inakuwa wapi saa ambazo mtoto yupo nyumbani, na ikiwepo ina chaji, ina bando, ina nafasi? Hiyo ya nafasi tunaisahau sana, simu ya 16GB iliyojaa video za harusi na meme za magrupu ya ukoo, PDF inagoma kushuka sio kwa sababu ya mtandao ila kwa sababu hamna pa kuiweka.

Kuna mama wa Mabatini anauza dagaa Kirumba, yeye simu yake ni ya mkopo, zile unalipa kidogokidogo kila siku, yake ilikuwa 1,500. Ukilala siku mbili tatu hujalipa simu inajifunga yenyewe, kioo kinabaki na maandishi ya kukudai tu. Biashara ikalala kidogo, simu ikajifunga Alhamisi. Ijumaa jioni mwalimu kaandika kwenye grupu kwamba jaribio la Jumatatu limeongezwa mada mbili. Mtoto kaenda Jumatatu na mada zake za zamani, karudi na 11 kwa 50. Mama ananisimulia anacheka, kile kicheko cha mtu anayejikaza, anasema "yaani deni langu mimi, fimbo kala mtoto". Sijui mwalimu alimchapa kweli au ni msemo tu, sikuuliza.

Lakini kilichonifungua macho mimi hasa ni safari ya Ukerewe. Nilienda msibani kwenye kisiwa kimoja huko, sio Nansio kwenyewe, unavuka tena kwa mtumbwi, upande wa shemeji yangu ambaye ni mvuvi wa dagaa. Ana kijana wake yuko kidato cha pili. Nyumba nzima simu janja ni moja, ya baba. Sasa mvuvi wa dagaa anafanya kazi usiku, anatoka na taa zake jioni anarudi mwaloni, yaani pale ufukweni mitumbwi inapotia nanga, alfajiri, na simu anaondoka nayo maana ndo anapiga nayo kwa wanunuzi na kwa tajiri wa mtumbwi, huwezi kumwambia aiache. Mwalimu anatuma maswali kwenye grupu saa moja moja jioni akishamaliza shughuli zake. Maana yake maswali ya yule kijana yanaenda kuvua. Yanashinda usiku kucha ziwani ndani ya mfuko wa nailoni, yanarudi saa kumi na mbili asubuhi yananuka dagaa, kijana anakimbilia mwaloni na daftari, anapanda kwenye jiwe ambalo ndo mtandao unashika, anasubiri picha zifunguke moja moja, ananakili haraka haraka, saa moja na nusu anatakiwa awe shuleni na majibu.

Niliomba daftari lake la hisabati, nikalipekua pale nje tumekaa kwenye turubai la msiba. Kuna wiki kazi zote zipo, tiki nyekundu nzuri tu, mpaka "vizuri" imeandikwa. Halafu inafuata wiki mbili hivi maswali manne yamefanywa nusu, matatu hayapo, pembeni mwalimu kaandika "mvivu". Halafu tena wiki nzuri. Halafu tena mvivu. Nikamuuliza wewe unaumwa malaria kila mwezi au? Akacheka akaniambia, "Hizi nzuri ni za mbalamwezi, mjomba."

Kama hukai ziwani labda hujaelewa. Dagaa wanavuliwa kwa taa kwenye giza, mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti kitu, kwahiyo siku kama 10 za mbalamwezi wavuvi wanalala nyumbani wanashona nyavu. Baba akiwepo simu ipo. Yule kijana akili zake zinapanda na kushuka na mwezi, na mwalimu wake ambaye ni mtu wa bara wala hajui ratiba za dagaa anaona mtoto asiyetulia. Baba mtu naye nilipomweleza alishangaa kabisa, anasema mi nilijua anasoma kwa vitabu. Nimerudi Mwanza na ile picha ya daftari kichwani na ndo maana hata naandika hii.

Na yule ni mvulana. Watoto wa kike nitasema kwa kifupi maana kila mtu anajua ila hasemi: simu ikiwa moja na watoto ni wawili, wa kiume anapewa kwanza kwa sababu wa kike anaosha vyombo, na akimaliza vyombo simu ipo asilimia 4, na hata ikiwa na chaji baba anaogopa, binti na simu usiku wa nini. Nimewasikia wazazi wanasema hivyo hapa kwenye benchi, tena kwa kujisifu.

Sasa tukitoka Mwanza tuangalie nje. UNICEF na lile shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU, walitoa ripoti Desemba 2020 wakasema watoto na vijana wa miaka 3 mpaka 17 wasio na intaneti nyumbani duniani ni bilioni 1.3, theluthi mbili ya wote. Kwenye nchi tajiri waliokuwa nayo walikuwa 87 kwa kila 100, kwenye nchi maskini 6. Sita! Wakati dunia nzima ilikuwa inaambiana watoto wasomee mtandaoni.

Huku kwetu jibu la kwanza huwa ni minara. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote upo kisheria tangu 2006, kazi yake ni kupeleka mawasiliano ambako kampuni za simu haziendi kwa hiari maana hakuna faida, na Mei 2023 pale Dodoma mbele ya Rais Samia ilisainiwa mikataba ya minara 758 kwenye kata 713. Mimi sipingi minara, aliyewahi kumpeleka mgonjwa usiku kutoka kisiwani hawezi kupinga mnara. Ila mnara unaleta mtandao mpaka kwenye paa la nyumba, kutoka kwenye paa mpaka kwenye daftari la mtoto kuna safari nyingine na hiyo mnara hauimalizi. Hata GSMA, ambacho ni chama cha kampuni za simu zenyewe, wanahesabu kwamba kusini mwa Sahara karibu watu 60 kwa kila 100 wanaishi mahali ambapo intaneti ya simu inafika ila hawaitumii. Mama wa Mabatini yumo humo kila simu inapojifunga, na minara anaiona kwa macho kutoka mlangoni kwake, mlimani kule.

Jibu la pili ni kugawa vifaa, na hili wanasiasa wanalipenda kwa sababu linapigwa picha vizuri. Peru waligawa laptop zaidi ya laki 8 kwenye shule zao, zile ndogo za kijani za mpango wa kila mtoto laptop moja. Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika ikafuatilia shule 319 za vijijini ikatoa majibu 2012, kwenye hisabati na kusoma watoto waliopewa laptop hawakuwapita wasiopewa. Shule nyingi hazikuwa na intaneti, na walimu kuzifundishia lilikuwa jambo jingine kabisa. Huku kwetu baada ya sensa ya Agosti 2022 vile vishikwambi vya makarani vikapelekwa kwa walimu mwishoni mwa mwaka uleule, na mimi niliona ni uamuzi wa akili kuliko kuvirundika stoo, ila walimu wanaokuja hapa wengi wananiambia bando wanaweka wenyewe, na kishikwambi bila bando unajua mwenyewe kinafanyaga nini, kinachezesha muziki.

Halafu kuna chumba cha kompyuta. Kila mtu aliyesoma sekondari za huku anakijua. Kompyuta zimepangwa ukutani, zimefunikwa vitambaa vya kufuma kama makochi ya sebuleni kwa bibi, mlango una kufuli mbili na ufunguo anao mkuu wa shule, na mkuu wa shule yupo semina. Nilienda kwenye moja kurekebisha printa, nikakuta kompyuta 10 nzima kabisa, zinawaka, nauliza wanafunzi wanaingia lini, naambiwa wale wa TEHAMA tu, na wale wa TEHAMA walikuwa 9. Shule ina watoto zaidi ya elfu moja. Naulizia jioni je, naambiwa mlinzi atadai posho. Yaani kati ya mtoto na kompyuta iliyoshanunuliwa tayari kumesimama posho ya mlinzi.

Najua kuna wazee watasoma hapa waseme sisi tulisoma kwa koroboi na tukafaulu. Sawa mzee wangu, shikamoo. Lakini enzi hizo na mtoto wa mkuu wa mkoa kazi yake ilikuwa imeandikwa kwenye ubao uleule, hakukuwa na ubao wa pili ambao mwingine anauona na mwingine hauoni. Sasa hivi ubao wa pili upo. Koroboi yako ilikuwa inakuzuia kusoma kwa raha, haikuzuii kujua swali ni lipi.

Na kuna wanaosema hawa watoto ukiwapa simu wanaenda TikTok. Kweli, wanaenda, na wa kwangu anaenda, juzi nimemnyang'anya. UNESCO waliangalia wakasema mpaka 2023 nchi zilizopiga marufuku simu shuleni hazifiki moja kati ya nne, na sisi huku mwanafunzi haruhusiwi simu shuleni na mimi naunga mkono kabisa. Ila ona tulivyo wa ajabu, shuleni simu ni marufuku, ukikamatwa nayo inavunjwa mbele ya mstari wa asubuhi, halafu kazi ya nyumbani inatumwa kwenye simu. Mtoto afanye nini? Tumemwambia kifaa hiki ni dhambi mpaka saa tisa na nusu alasiri, baada ya hapo ni lazima.

Kitu kinachoniuma zaidi ya kazi za likizo ni yale maamuzi makubwa, maana kazi ya likizo ukiikosa unapigwa kelele yanaisha. Mwaka 2024 zilitangazwa tahasusi, ile michepuo ya masomo, za kidato cha tano 65, kati yake 49 mpya, na waliokuwa wamemaliza kidato cha nne wakafunguliwa mfumo wa mtandaoni wa TAMISEMI, ile ofisi ya serikali za mitaa, wabadilishe machaguo yao, kama mwezi na kitu hivi, Machi mpaka Aprili. Ilikuwa nafasi nzuri, kuna binti alikuja hapa mwenyewe kajisomea orodha yote kwenye simu ya dada yake, anajua anachotaka na kwanini, tumemaliza kwa dakika 15. Mwezi Mei akaja kijana kutoka visiwa vya huko Buchosa, ana daraja la kwanza, anataka kubadilisha. Dirisha limeshafungwa. Alikuwa hajui kama lilifunguliwa, nani amwambie, kidato cha nne keshamaliza na kwenye grupu la shule mzazi wake hakuwahi kuwepo. Nilimuonyesha kile kioo kinachosema muda umekwisha akakiangalia muda mrefu, akanilipa mia tano yangu nikaikataa. Na hapo bado hajafika kwenye mkopo wa chuo, ambako cheti cha kuzaliwa chenyewe kinahakikiwa mtandaoni kwanza ndo fomu ya mkopo ijazwe mtandaoni.

Mnakumbuka Mei ya mwaka huohuo, tarehe 12, nyaya za baharini zilipokatika nchi nzima ikawa inatambaa? Siku chache tu. Watu wa mjini walilia, biashara zimelala, vikao vimeshindikana, hapa dukani nilikuwa nagombana na wateja kama vile mimi ndo niliyezama kwenda kukata nyaya. Nilimpigia shemeji kumuuliza huko vipi, akaniambia huku kawaida tu.

Mimi sio mtaalamu wa sera lakini kwa ninachokiona hapa kwenye benchi, cha kwanza wala hakihitaji intaneti. Kitu chochote ambacho mtoto atapigwa au atapewa alama kwa ajili yake kisiishie kwenye simu ya mzazi, kiwepo na shuleni, ubaoni, kwenye manila iliyobandikwa ukutani, kwenye daftari la kiranja, popote mtoto anapoweza kukikuta kwa miguu yake. Grupu libaki la kukumbushana. Hii wilaya inaweza kuamua kesho asubuhi kwa barua ya ukurasa mmoja. Cha pili ni kile chumba chenye vitambaa, kifunguliwe saa tisa mpaka saa kumi na mbili, posho ya mlinzi ilipwe, hata zisipokuwa na intaneti maana vitabu vya kiada vipo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu, mtu mmoja mwenye bando la maana anaweza kukaa Jumamosi moja akavishusha vyote vinavyoshushika akaviweka kwenye hizo kompyuta. Cha tatu ni kampuni za simu na TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano, wakae waseme maktaba hiyo na mfumo wa machaguo visile bando la mtu kabisa. Kama kuangalia salio na kupiga namba za dharura havili salio, hili nalo linawezekana, na najua watasema mambo ya biashara, lakini biashara hiyohiyo imekuwa ikijiuzia bando kwa mgongo wa shule tangu 2020.

Mwaka huu mimi nilijaribu la kwangu dogo. Shule mbili za hapa jirani kazi zao za likizo nilizipata kwa wazazi, nikaziprinti kwa gharama yangu nikazibandika kwenye ukuta wa nje wa duka, kwenye kivuli, mtoto aje na daftari anakili, bure. Siku ya kwanza walikuja kama 20, wamekaa chini kwenye vumbi wanaandika, ikawa kama darasa, mpaka muuza maandazi akahamia pale. Nikajiona mtu wa maana sana. Siku ya pili akaja binti wa yule mama wa Mabatini, mdogo hivi, kaandika weee mpaka akafika mahali akasimama, akaja dirishani kwa heshima zote, "Shikamoo anko, ukurasa wa pili uko wapi?" Nikamwambia si huo hapo baada ya wa kwanza. Akasema hapana anko, baada ya wa kwanza kuna wa tatu.

Nilikuwa nimeprinti mbele na nyuma ili nisimalize rimu. Kurasa zote za namba shufwa zilikuwa zimeangalia ukuta, na gundi juu.

Zimetoka upya jana usiku, upande mmoja mmoja, kurasa 34 za darasa la sita na 28 za darasa la saba. Leo mchana nikitoka mtaa wa Makoroboi kununua wino nazibandika.